Orodha Moja, Swichi Nyingi: Kutoka Waya wa Bawe hadi Mtandao wa Amani

Januari 22, 1879, jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza Isandlwana. Habari hiyo ilifika London Februari 11, karibu wiki tatu baadaye, kwa kuwa hapakuwa na waya wa simu uliounganisha kusini mwa Afrika na Ulaya. Serikali ya Uingereza haikukubali kungoja tena namna ile. Kabla mwaka haujamalizika, kampuni ya Eastern and South African Telegraph, mojawapo ya kampuni za tajiri John Pender, ilikuwa imelaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Durban, ukipita Unguja, Msumbiji na Delagoa Bay. Unguja ikaingia katika mtandao wa dunia kwa sababu ya vita vya mbali ambavyo havikuihusu.

Sultani Barghash bin Said alikuwa madarakani tangu 1870. Katika utawala wake watu wa mji walikuwa bado wanahesabu mwaka kwa pepo mbili: kaskazi iliyoleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyoyarudisha. Meli za moshi zilikuwa zimeanza kuipunguza safari, lakini habari bado zilikwenda kwa mwendo wa chombo. Waya ulizitenga habari na chombo. Kampuni ilipewa kisiwa cha Bawe, magharibi ya mji, pawe mahali pa kupandishia waya, na ofisi zake zikawa Shangani, katika jengo ambalo sasa ni sehemu ya hoteli ya Serena. Mwaka 1890 likaongezwa tawi la Mombasa, na 1893 jengine la kwenda Shelisheli na Morisi. Katika muda wa miaka 14 kisiwa kilichokuwa kikingoja upepo kikawa njia panda ya simu za Bahari ya Hindi.

Njia panda hiyo, hata hivyo, haikuwa mali ya wenyeji. Nauli ya kila neno, njia ambayo ujumbe ungepita na mahali pa kujenga kituo kipya yaliamuliwa na kampuni. Unguja ilikuwa na ncha ya waya tu. Daftari la mtandao lilikaa London. Swali la nani anashika daftari ndilo linaloifuata historia ya mitandao ya Unguja mpaka leo, kutoka simu za Shangani hadi visanduku vidogo vya swichi vinavyowaka taa usiku kucha katika ofisi za Amani.

Amri inayopita kwenye waya

Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia Kasri bila ya ridhaa ya Waingereza. Basil Cave, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza, alikuwa na manowari bandarini, lakini hakuwa na mamlaka ya kuziamuru zifyatue. Akaipelekea London simu kuomba idhini. Jibu likampa ruhusa ya kuchukua hatua alizoona zinahitajika, pamoja na onyo kwamba asianze jambo asiloweza kulimaliza. Asubuhi ya Agosti 27, saa tatu, mizinga ikaanza kulia. Dakika arobaini hazikutimia. Kasri lilikuwa limebomoka, mamia ya watu wameuawa au kujeruhiwa, na Khalid amekimbilia ubalozi wa Wajerumani.

Tukio hili husimuliwa kwa ajili ya ufupi wake. Mimi naliona pia kuwa somo la mapema kabisa kisiwani juu ya mtandao na mamlaka. Waya haukuuliza kama amri ni ya haki. Ulifikisha neno la mwenye mamlaka kwa haraka, na kila chombo kilichomtii kikageuka mara moja. Kabla ya 1879 idhini ya namna ile ingechukua wiki kadhaa, na ndani ya wiki hizo huenda yangepatikana mazungumzo. Baada ya waya, umbali kati ya uamuzi na matokeo ulikuwa umeshafutika. Palipobaki pa kuzuia kosa ni mahali pamoja tu: kwa yule aliyeruhusiwa kutuma amri.

Kikoa cha nchi tatu

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 na Muungano wa Aprili 26 mwaka huo huo, posta na simu ziliingia katika orodha ya mambo ya Muungano. Kisha, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967, likawepo Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Kampala, likihudumia Kenya, Uganda na Tanzania. Mtu wa Unguja aliyepiga simu Nairobi alikuwa anatumia mtandao wa shirika lake mwenyewe. Fundi aliyefunzwa nchi moja aliweza kufanya kazi nchi nyengine, kwa vifaa vile vile na taratibu zile zile. Ilikuwa faida kubwa, na wazee waliofanya kazi humo wana haki ya kuikumbuka kwa fahari.

Lakini daftari moja lilikuwa na serikali tatu zilizotaka kuliandika. Siasa zilipoharibika, Jumuiya ikavunjika 1977, na kila nchi ikabaki na vipande vyake: nguzo, mitambo, wafanyakazi na madeni. Tanzania ikaunda shirika lake la posta na simu, nalo likagawanywa katika miaka ya 1990, upande wa simu ukawa TTCL. Mwaka 1999 ikaanzishwa Zantel, na kwa mara ya kwanza kampuni ya simu ikawa na jina la Zanzibar na mizizi yake kisiwani. Mitambo ya 1977 haikuwa na hitilafu. Kilichokosekana ni makubaliano ya nani atakuwa na neno la mwisho.

Baadaye Unguja ilipata somo la pili, la aina nyengine. Umeme wake ulitoka bara kwa waya mmoja wa chini ya bahari, uliolazwa 1980 kwa msaada wa Norway, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Mei 21, 2008 umeme ukakatika, na haukurudi mpaka Juni 18. Desemba 10, 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaoza, cherehani za umeme zikanyamaza, na kila mwenye uwezo akanunua jenereta. Mwaka 2013 waya mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani kupitia mfuko wa MCC, ukaanza kazi. Kila mkaazi wa Unguja aliyekuwa na fahamu zake miaka ile anajua kwa mwili wake maana ya kutegemea njia moja.

Kukatika ni hatari inayoonekana. Taa zinazimika, watu wanauliza, fundi anaitwa. Iko hatari nyengine, ya orodha yenye makosa inayosambaa huku nyaya zote zikiwa nzima na umeme upo. Hiyo ndiyo iliyokuja pamoja na kompyuta.

Rangi juu ya waya mmoja

Mei 22, 1973, Robert Metcalfe wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, aliandika waraka ulioeleza namna kompyuta nyingi zinavyoweza kutumia waya mmoja kwa zamu. Yeye na David Boggs wakaujenga mfumo huo, ukaitwa Ethernet, na muongo mmoja baadaye ukawa kiwango cha kimataifa. Mwanzoni kila kompyuta ilisikia kila kilichopita kwenye waya, ikachukua kilichoandikwa anwani yake na kuacha kilichobaki. Mtandao ulipokua, kelele nazo zikakua. Waliounganisha nyaya mbili kwa njia zaidi ya moja waliona ujumbe ukizunguka bila ya kikomo, mpaka mwaka 1985 Radia Perlman, wa kampuni ya Digital, alipobuni kanuni ya kuzifanya swichi, yaani visanduku vinavyounganisha nyaya hizo, zichague zenyewe njia moja isiyo na mzunguko na kuzifunga zilizobaki.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, W. David Sincoskie wa Bellcore alikuwa akijaribu kupitisha sauti za simu kwenye Ethernet. Waya mmoja haukutosha, kwa hiyo akataka kuunganisha nyingi. Kanuni ya njia moja ilimwekea msongamano katikati ya mtandao, kwani kila kitu kilipita hapo. Suluhisho lake lilikuwa kukipa kila kipande cha data alama, akizieleza alama hizo kama rangi, na kuiachia kila rangi iwe na njia yake juu ya mitambo ile ile. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la VLAN: mitandao mingi iliyotengana, ikikaa juu ya nyaya na swichi za pamoja.

Mwaka 1998 wazo hilo lilipata kiwango chake, 802.1Q. Kila fremu ya data huongezewa baiti nne, na ndani yake biti 12 hubeba namba ya VLAN, kuanzia 1 hadi 4094. Faida yake inaonekana hata katika jengo la kawaida. Chukua mfano wa taasisi yenye jengo la ghorofa tatu Amani, karibu na Viwanda Vidogo. Wahasibu wana mtandao wao, kamera za ulinzi wao, simu za mezani wao, wageni wa waifai wao. Bila ya VLAN kila kundi lingehitaji swichi na nyaya zake, au wote wangechanganywa na mgeni aliyekaa ukumbini angekuwa waya mmoja na kompyuta ya mishahara. Kwa VLAN, swichi moja huwahudumia wote na bado ikawatenga.

Namba kubwa hushinda

VLAN ilitatua tatizo moja ikaleta jengine. Kila swichi inahitaji kuijua orodha ya VLAN zote. Taasisi yetu ya mfano ikiwa na swichi 10 na VLAN 6, fundi ana maingizo 60 ya kuandika, na akiongeza VLAN ya saba hana budi kuzizungukia zote tena. Akisahau swichi moja iliyo katikati ya njia, VLAN hiyo itaishia hapo, na watumiaji wa upande wa pili watalalamika bila ya mtu kuelewa kwa nini.

Kampuni ya Cisco, iliyoingia katika biashara ya swichi kwa kuzinunua Crescendo mwaka 1993 na Kalpana 1994, ikatoa jibu lake katika muongo huo: itifaki iitwayo VTP. Swichi zote zinazotakiwa kuwa na orodha moja hupewa jina moja la kikoa. Fundi huandika VLAN mpya kwenye swichi moja, na swichi hiyo huzitangazia nyengine kupitia laini kuu zinazoziunganisha. Tangazo la muhtasari hurudiwa kila dakika tano, na kila badiliko hutangazwa papo hapo. Maingizo 60 yanakuwa 6.

Ndani ya kikoa kila swichi ina daraja lake. Iliyo katika hali ya seva inaruhusiwa kuunda, kubadilisha na kufuta VLAN. Iliyo katika hali ya mteja haiandiki kitu. Hupokea na kutii. Ya tatu ni ya uwazi: ina orodha yake binafsi, hupitisha matangazo ya wengine bila ya kuyafuata. Mwenye kuifahamu shehia atauelewa mpango huu upesi: sheha ana daftari la wakaazi, wajumbe wake wananakili kutoka kwake, na jirani wa shehia nyengine hupitisha barua bila ya kugusa daftari la watu.

Tatizo liko katika namna swichi zinavyojua orodha ipi ni mpya. Kila orodha ina namba ya toleo. Kila badiliko linaiongeza namba kwa moja, na swichi ikisikia tangazo la kikoa chake lenye namba kubwa kuliko yake, huifuta orodha iliyokuwa nayo na kuchukua iliyotangazwa. Haiulizi orodha ipi ina VLAN nyingi, wala ipi imetumika jana. Namba kubwa hushinda.

Mafundi wa dunia nzima wanaijua ajali inayotokana na kanuni hiyo. Swichi ya zamani imetolewa kazini na kuwekwa stoo, au imetumiwa kufundishia, ambako wanafunzi waliunda na kufuta VLAN mara nyingi. Namba yake ya toleo imepanda, orodha yake imebaki tupu. Siku moja swichi ya ofisini inaungua, fundi anaichukua ile ya stoo, anafuta usanidi wake na kuichomeka kwenye laini kuu. Hajui kwamba orodha ya VLAN imehifadhiwa katika faili la peke yake, vlan.dat, ambalo halifutiki pamoja na usanidi wa kawaida. Ikiwa jina la kikoa na neno la siri vinafanana, swichi hiyo inatangaza orodha yake tupu kwa namba kubwa, na zote zinatii. Hata ikiwa katika hali ya mteja inaweza kufanya hivyo. Ndani ya sekunde chache VLAN zote zinapotea, poti zilizokuwa zimepangiwa VLAN hizo zinakufa, na jengo zima linakaa bila ya mtandao. Hakuna waya uliokatika. Kila swichi imefanya kazi yake kama ilivyoagizwa.

Ufundi wa kujikinga haukuchelewa kujulikana. Swichi inayoingia kazini hubadilishwa kwanza kuwa ya hali ya uwazi, au hupewa jina jengine la kikoa kisha kurudishiwa la kwanza, na namba ya toleo hurudi sifuri. Neno la siri huwekwa siku ya kwanza. Jina la kikoa huandikwa kwa uangalifu, kwani herufi kubwa na ndogo ni tofauti: swichi yenye “Unguja” haisikilizani na yenye “UNGUJA”. Na swichi isiyo na jina lolote huchukua jina la kwanza inalolisikia kwenye laini kuu, kwa hiyo kuichomeka bila ya kuitazama ni kuiingiza kikoani bila ya kukusudia.

Toleo la tatu la VTP ndilo lililoligusa swali lenyewe. Katika matoleo mawili ya mwanzo kila swichi ya hali ya seva ilikuwa na kalamu. Toleo la tatu likaweka seva kuu moja, na fundi hana budi kuipandisha cheo hicho kwa amri ya wazi. Seva nyengine huhifadhi nakala lakini haziwezi kuibadilisha. Swichi ya stoo inaweza kuja na namba ya toleo kubwa kiasi chochote, ila orodha yake isipotambuliwa kuwa inatoka kwa seva kuu haina nguvu. Toleo hilo pia lilizifikisha orodha mpaka VLAN 4094, ambapo yaliyotangulia yaliishia 1005. Mafundi wengi, hata hivyo, wamechagua kuziweka swichi zao zote katika hali ya uwazi na kuandika orodha moja moja, wengine wakitumia programu ya kuzisanidi kwa pamoja. Wamepima: bora kazi ya ziada leo kuliko jengo kuzimika kesho.

Mtandao wa serikali

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kujenga mkonga wake wa fiba Unguja na Pemba, kwa mkopo wa China na ujenzi wa kampuni ya ZTE, ili kuziunganisha ofisi za serikali. Kwa Sheria Namba 12 ya 2019 ikaundwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGAZ, inayosimamia mifumo ya taasisi za umma. Malipo ya serikali sasa hupita katika mfumo wa ZanMalipo. Mlipa kodi, mgonjwa, mzazi anayesajili mtoto na mwenye duka anayeomba leseni, wote wanategemea swichi ambazo hawatoziona maishani.

Badiliko hili ni kubwa kuliko linavyosemwa. Mtandao uliokuwa ukiishia kwenye ofisi za kampuni ya kigeni pwani ya Shangani sasa umevuka Ng'ambo yote ukafika Amani, mtaa unaojulikana kwa uwanja wa mpira uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1970, ukakarabatiwa upya 2023. Wanaoandika orodha za mtandao huo ni vijana wa Kizanzibari, wengine waliosomea Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, Tunguu, wengine Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni. Kalamu imefika nyumbani. Kwa hiyo na dhima imefika nyumbani, na hatuna tena London wala Kampala ya kuisukumia lawama.

Nasema haya kwa sababu katika ofisi nyingi fundi wa mtandao huitwa pale tu mambo yanapoharibika. Swichi hununuliwa kwa mnada wa bei, huwekwa na mkandarasi, na mkandarasi akiondoka huondoka na maneno ya siri kichwani mwake. Fundi anayefuata hukuta seva tatu katika kikoa kimoja, hajui ipi ndiyo iliyokusudiwa, na huogopa kugusa. Hapo mtandao wa pamoja huwa kama ulivyokuwa mwaka 1977: vifaa vizima, wenye kalamu wengi, makubaliano hakuna.

Dawa yake ni ya bei ndogo, na inaanza kabla ya fundi kushika kifaa chochote. Kila taasisi, iwe wizara, hospitali, skuli au duka la Amani lenye swichi mbili, iwe na karatasi moja iliyotiwa saini na mkuu wake, yenye majibu manne: jina la kikoa ni lipi na limeandikwaje, swichi gani ndiyo seva kuu, nani anaruhusiwa kuibadilisha na nani anashika nafasi yake akiwa hayupo, na swichi inayoingia kutoka stoo au dukani inakaguliwa na nani kabla ya kuchomekwa. Nakala ikae kwa mhasibu, sio kwa fundi peke yake, na ifanyiwe mapitio kila mtumishi anapobadilika. Walimu wa Mbweni na Tunguu waifundishe karatasi hiyo katika somo lile lile wanalofundisha amri za swichi, wala wasimpe mwanafunzi alama kamili kwa mtandao unaofanya kazi ikiwa hakuandika ni nani mwenye haki ya kuubadilisha.